Usidharau wema mdogo: Maisha ya Louis Braille yatufunze

Wahenga wetu walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tunaifundisha madarasani kila mwaka, na wanafunzi huiandikia insha nyingi kuhusu akiba ya fedha na bidii ya masomo. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiitumia kuuzungumzia wema. Wengi wetu tunapoufikiria wema unaostahili sifa, huwaza michango mikubwa ya harambee, majengo yanayofunguliwa kwa hotuba na vigelegele, na majina yaliyochongwa katika mawe ya msingi. Wema wa kumpa mwenzako nafasi kwenye benchi, au wa kumkopesha senti chache kisha ukalisahau deni, hauandikwi popote.

Leo nimeazimia kuupinga mtazamo huo, na shahidi wangu ni Mfaransa mmoja aliyefariki mnamo 1852, Louis Braille. Jina lake ndilo lililokuwa jina la maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, ambayo sisi huyaita breli na wengine huyaita nukta nundu. Walimu wengi wanalijua jina hilo, lakini ni wachache wanaoyajua maisha ya mwenye jina. Nao wanaoyajua aghalabu huyasimulia kana kwamba mtoto mmoja mwenye akili za ajabu aliketi peke yake akavumbua jambo kubwa. Kwa maoni yangu, masimulizi hayo yana upungufu. Ukiyachunguza maisha ya Braille kwa makini, utaona kuwa karibu katika kila hatua palikuwa na mtu aliyetenda wema mdogo bila kujua ungefika wapi, na kwamba Braille mwenyewe aliishi kwa kuwatendea wengine vivyo hivyo.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kilomita zipatazo 40 mashariki mwa jiji la Paris. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yake, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza matandiko na hatamu za farasi. Kama ilivyo ada ya watoto kila mahali, Louis alipenda kuiga kazi ya babake. Mnamo 1812, akiwa na umri wa miaka mitatu, alichukua kifaa chenye ncha kali katika karakana, kikamponyoka na kumdunga jichoni. Siku hizo hapakuwa na dawa za kuzuia maambukizi. Jicho lililoumia liliharibika, la pili nalo likafuata, na alipotimiza miaka mitano hivi Louis hakuona kitu tena.

Msomaji, ili uuelewe uzito wa msiba huo, zikumbuke zama zenyewe. Katika Ufaransa ya wakati ule, mtoto wa watu wa kawaida ambaye haoni hakutarajiwa kusoma wala kujifunza kazi. Wengi wa wenzake waliishia kuombaomba barabarani na milangoni mwa makanisa. Fauka ya hayo, mnamo 1814 majeshi ya kigeni yaliyomshinda Napoleon yaliingia Coupvray, na wanakijiji wakalazimika kuwapa askari chakula, malazi na malisho ya farasi wao. Mzazi aliyekuwa katika hali hiyo angekuwa na sababu tele za kumketisha mtoto wake pembeni na kumwachia Mungu.

Mzee Simon-René hakufanya hivyo. Alimchongea mwanawe fimbo ya kupapasia njia. Akamfunza kutengeneza vishada vya kupamba hatamu, ili mtoto ajue kuwa naye ana kazi katika nyumba hiyo. Kisha akachukua vipande vya mbao, akapigilia misumari ya fundi wa ngozi kwa kuifuata mistari ya herufi, na mtoto akazipapasa herufi hizo kwa vidole mpaka akazijua. Gharama ya jambo hilo haikuzidi konzi ya misumari na muda wa jioni chache. Fundi huyu hakuwa msomi, wala hakudai kuwa mwalimu. Lakini kabla Louis hajakutana na shule yoyote, alikwisha kupata fununu ya jambo ambalo lingeyatawala maisha yake yote, kwamba kidole chaweza kusoma.

Mnamo 1815 aliwasili Coupvray padri mpya aliyeitwa Jacques Palluy. Padri huyo aliiona akili ya mtoto, akaanza kumfundisha mwenyewe. Baadaye alimwendea mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akamwomba amkubali Louis darasani pamoja na watoto wengine. Bécheret alikubali.

Nawaomba walimu wenzangu watue hapa kidogo. Bécheret hakuwa amepata mafunzo yoyote ya kumfundisha mtoto asiyeona. Hakuwa na kitabu hata kimoja ambacho mtoto huyo angeweza kukisoma. Hakuna sheria iliyomlazimisha, na lau angekataa, hakuna mzazi wala mkaguzi ambaye angemlaumu. Alichokuwa nacho ni benchi na sauti yake. Akampa Louis nafasi kwenye benchi, naye Louis akasikiliza, akayahifadhi kichwani yaliyosemwa, akawa miongoni mwa wanafunzi bora wa shule hiyo.

Wema huo ukavuta wema mwingine. Habari za mtoto huyu zilimfikia kabaila wa eneo hilo, d'Orvilliers, naye akaandika barua kwa taasisi iliyokuwa Paris ya kuwafunza vijana wasioona. Barua hiyo ndiyo iliyomfungulia Louis mlango. Tarehe 15 Februari 1819, akiwa na miaka 10, aliagana na wazazi wake na kuingia bweni jijini Paris.

Ili tuuelewe mchango wa taasisi hiyo, yafaa turudi nyuma kidogo, kwa kuwa nayo ilichipuka kutokana na tendo dogo. Mwasisi wake alikuwa Valentin Haüy. Mnamo 1771, katika maonyesho ya biashara jijini Paris, Haüy aliwaona vipofu waliovishwa mavazi ya kuchekesha na miwani mikubwa isiyo na vioo, wakilazimishwa kujifanya wapiga muziki huku umati ukiwacheka. Jambo hilo lilimchoma moyo. Miaka 13 baadaye, mnamo 1784, alikutana na kijana mmoja asiyeona, François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka kanisani. Haüy alitaka kumfundisha kusoma. Tatizo ni kwamba jamaa za Lesueur waliitegemea sadaka hiyo, na kila saa ya masomo ilikuwa saa ya hasara. Basi Haüy akaamua kumlipa kijana huyo kutoka mfukoni mwake kiasi ambacho angepata kwa kuomba, ili aweze kuketi na kusoma.

Tutafakari juu ya sarafu hizo. Umati wa 1771 ulitoa sarafu ukapata kicheko. Waumini waliokwenda kanisani walimpa Lesueur sarafu, na bila shaka wengi walimwonea huruma ya kweli, lakini sarafu zao zilimwacha pale pale alipoketi. Haüy alitoa sarafu kama zile zile, ila zake zilimwinua. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuizingatie tunapozungumza juu ya wema. Uzito wa wema hautokani na kiasi cha fedha. Unatokana na swali hili: je, mtu aliyetendewa ameachwa pale alipokuwa, au amepewa njia ya kusonga mbele?

Siku moja Lesueur alishika karatasi iliyopigwa chapa kwa nguvu, akahisi kwa kidole alama ya herufi iliyotuna upande wa pili. Hapo Haüy akapata wazo la kuchapisha vitabu vya herufi kubwa zilizoinuka. Shule ikazaliwa kutokana na mwanafunzi huyo mmoja, na robo karne baada ya kukutana kwao akazaliwa mtoto ambaye angekuja kuwa mwanafunzi wake mashuhuri kupita wote. Mnamo 1821, Haüy akiwa mzee aliyesahauliwa, mkurugenzi mpya wa taasisi, Alexandre-René Pignier, alimwalika na kumpa heshima mbele ya wanafunzi. Louis alikuwa na umri wa miaka 12 wakati huo. Haüy alifariki mwaka uliofuata.

Maisha ya bwenini hayakuwa mepesi. Jengo lilikuwa kuukuu na lenye unyevunyevu, na wanafunzi wengi waliugua. Vitabu vya Haüy vilikuwa vichache, vikubwa na vizito mno. Isitoshe, kuitambua herufi ya kawaida kwa kidole ni kazi ya polepole, kwani inampasa msomaji azungushe kidole katika kila mstari na kila kona ya herufi. Mwanafunzi alipofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake ulikuwa umeanza kumtoka akilini. Baya zaidi ni kwamba kwa mtindo huo asiyeona aliweza kusoma kidogo, lakini hakuweza kuandika na kujisomea alichokiandika. Aliweza kupokea mawazo ya watu, si kuyatunza yake.

Katika mwaka huo huo wa 1821, aliyekuwa afisa wa kikosi cha mizinga, Charles Barbier, aliiletea taasisi mfumo aliouvumbua wa kuandika kwa nukta zilizotobolewa katika karatasi nene. Vidole huitambua nukta kwa urahisi kuliko mstari, na hapo Barbier alikuwa amegusa penyewe. Hata hivyo, mfumo wake ulikuwa na kasoro. Ulitumia hadi nukta 12, ambazo kidole hakiwezi kuzifunika kwa mguso mmoja. Aidha, nukta hizo ziliwakilisha sauti badala ya herufi, na hazikuwa na alama za uakifishaji wala tarakimu. Mtu hangeweza kujifunza tahajia sahihi kwazo.

Louis aliuchukua mfumo huo, akaushughulikia usiku bwenini na wakati wa likizo alipokuwa nyumbani Coupvray. Kufikia 1824, akiwa na miaka 15 tu, alikuwa amepunguza nukta kutoka 12 hadi sita, katika safu mbili za nukta tatu tatu. Ncha ya kidole huzifunika zote kwa mara moja. Nukta hizo sita huweza kupangwa kwa njia 63, idadi inayotosha herufi zote, alama za uakifishaji, tarakimu na hata noti za muziki. Mnamo 1829 alichapisha kitabu cha kuufafanua mfumo huo, na ndani yake hakusita kumtaja Barbier na kukiri kuwa alianzia kwake. Hilo nalo ni tendo dogo la wema. Watu wangapi leo hujinyakulia sifa za kazi waliyoikuta imeanzwa na wengine?

Mnamo 1828 Braille alianza kufundisha katika taasisi hiyo akiwa mwalimu msaidizi, na mnamo 1833 akawa mwalimu kamili. Baba yake alikuwa ameshaaga dunia mnamo 1831. Kabla ya kufa, mzee huyo alituma barua kwa Pignier akimsihi asimtupe mwanawe. Pignier aliiheshimu rai hiyo. Aliwaruhusu wanafunzi kuzitumia nukta za Braille ingawa serikali haikuwa imezikubali rasmi.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni wema ambao Braille mwenyewe aliutenda. Mshahara wake ulikuwa mdogo. Hata hivyo, aliwanunulia wanafunzi maskini vifaa vya kuandikia, akawanakilia vitabu kwa mkono wake, na akawakopesha fedha. Alikuwa mpiga kinanda hodari makanisani, kazi iliyomwongezea kipato. Mara moja aliiacha nafasi yake ya kupiga kinanda ili apewe mwenzake asiyeona aliyekuwa na dhiki kuliko yeye. Tena alishirikiana na rafiki yake asiyeona, Pierre Foucault, kubuni njia ya kuandika herufi za kawaida kwa nukta, ili mwanafunzi asiyeona aweze kuwaandikia barua wazazi wake wanaoona nao waisome wenyewe. Fikiria, mtu aliyekwisha kuwapa wenzake maandishi yao bado aliwaza juu ya mama kijijini anayengoja barua.

Kufikia katikati ya miaka ya 1830, kifua kikuu kilikuwa kimeanza kumla. Kisha mnamo 1840 yakatokea mabadiliko mabaya zaidi kwa kazi yake. Pignier aliondolewa, na uongozi ukachukuliwa na Pierre-Armand Dufau, ambaye alizipiga marufuku nukta za Braille na kurejesha herufi za kawaida zilizotuna.

Sitaki msomaji adhani kuwa Dufau alikuwa katili. Alikuwa ametumia miaka mingi kuwafundisha wasioona, na aliamini kuwa kuwapa maandishi yao wenyewe ni kuwatenga na jamii ya wanaoona. Nia yake ilikuwa njema. Kosa lake ni kuwa hakuwasikiliza wale aliokusudia kuwafaa. Alipima mambo kwa macho yake, wakati wanafunzi wake walikuwa wakiyapima kwa vidole vyao. Nadhani hapa sote tuna la kujifunza, hasa sisi tunaoshika chaki. Kumtendea mtu wema bila kumuuliza anahitaji nini ni rahisi, na mara nyingi hutufurahisha sisi kuliko yeye.

Nukta hizo ziliokolewa na watoto. Wanafunzi waliendelea kuzitumia kwa siri, mkubwa akimfunza mdogo, kwa kifaa chochote chenye ncha walichoweza kukipata. Waliandikiana barua, wakanakili masomo na kuweka kumbukumbu zao. Hakuna aliyewalipa, na walijua kuwa wakigunduliwa wangeadhibiwa. Kila mwanafunzi aliyemfunza mwenzake alikuwa akitenda tendo dogo sana, lakini wote pamoja walikuwa wakiulinda mfumo mzima usife. Hatimaye msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, aliutambua ukweli na kumshawishi mkubwa wake aondoe marufuku. Tarehe 22 Februari 1844, taasisi ilipozindua jengo lake jipya, Guadet aliueleza mfumo wa Braille hadharani na wanafunzi wakauonyesha mbele ya wageni. Braille mwenyewe alikuwapo, mgonjwa lakini hai.

Aliishi miaka minane zaidi. Mnamo Desemba 1851 alizidiwa, na tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, akaaga dunia. Magazeti ya Paris hayakuandika tanzia yake. Alizikwa Coupvray, kwa watu wake.

Katika wasia wake aliwakumbuka jamaa zake, lakini hakuwasahau mtumishi wa chumba cha wagonjwa, mlinzi wa usiku na mvulana aliyekuwa akimshika mkono na kumwongoza njiani. Vilevile aliagiza kuwa kisanduku kimoja kidogo kichomwe moto bila kufunguliwa. Warithi walishindwa kujizuia, wakakifungua. Ndani yake walikuta hati nyingi za madeni ya wanafunzi aliowakopesha fedha. Basi wakatimiza agizo lake, wakavichoma vikaratasi hivyo, na madeni yakafutika bila wadeni kuaibishwa.

Kila ninapokifikiria kisanduku hicho huona kuwa kinamweleza mtu huyo kuliko sanamu zote alizojengewa baadaye. Alisamehe, kisha akataka hata ushahidi wa kusamehe kwake uangamizwe. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema, naye Braille alikwenda zake kwa ukamilifu.

Sasa tazama matokeo. Mnamo 1854, miaka miwili baada ya kifo chake, taasisi yake iliukubali mfumo wa nukta sita rasmi. Mnamo 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliupendekeza kuwa mfumo wa kutumiwa na mataifa. Mnamo 1952, miaka 100 baada ya kufa kwake, Ufaransa ilihamisha mwili wake na kuuweka katika Panthéon, wanakolazwa mashujaa wa taifa hilo, na Helen Keller wa Marekani, mwanamke aliyesoma na kuandika ingawa hakuona wala kusikia, alihudhuria sherehe hizo. Mifupa ya mikono yake, hata hivyo, iliachwa kaburini Coupvray, kijiji kilichomfunza kusoma. Tangu 2019, Umoja wa Mataifa huiadhimisha tarehe 4 Januari kuwa Siku ya Breli Duniani.

Nasi hapa Kenya tumo katika mnyororo huo. Mnamo 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mjini Thika, na baadaye zikafuata nyingine kama zile za Likoni na Kibos. Mitihani ya kitaifa huandaliwa pia kwa breli. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kuendeleza matumizi ya breli pamoja na lugha ya ishara ya Kenya. Kuna hata jambo moja dogo litakalowafurahisha walimu wa Kiswahili. Alfabeti ya kwanza ya Braille haikuwa na herufi w, kwa kuwa Wafaransa hawakuwa na haja nayo. Iliongezwa baadaye kwa ajili ya lugha nyingine. Lau isingeongezwa, msomaji wetu asiyeona asingeweza kuandika mwalimu, wala mwanafunzi, wala neno lenyewe wema.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kuwa wema wa mtu mmoja mmoja si badala ya sera nzuri, na kwamba tukiusifu sana tutaipa serikali kisingizio cha kutonunua vitabu na mashine za breli au kutoajiri walimu waliofuzu elimu maalum. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Benchi la Bécheret halikutosha, ndiyo maana Louis alihitaji taasisi ya Paris. Uvumilivu wa Pignier haukutosha pia, kwani alipoondoka tu marufuku ikaja. Ilibidi uamuzi rasmi wa 1854 utolewe ili nukta zile ziwe salama. Lakini uamuzi huo ulikuwa na kitu cha kuuidhinisha kwa sababu watoto walikuwa wamekilinda kwa miaka minne ya marufuku. Sheria huimarisha kilichopo. Mara nyingi kinachokuwapo huanzishwa na mtu asiye na cheo wala bajeti.

Kwa hiyo nawageukia walimu. Asubuhi moja muhula utakapofunguliwa, mzazi ataingia ofisini akimshika mkono mtoto asiyeona, au asiyesikia vyema, au anayechechemea. Jibu lililo karibu na ulimi ni kwamba shule haina vifaa. Huenda ni kweli kabisa kuwa haina, na pengine mtoto huyo atafaa kupelekwa hatimaye kwenye shule yenye wataalamu. Lakini kabla ya kulitoa jibu hilo, mkumbuke Bécheret, ambaye naye hakuwa na vifaa. Mpe mtoto benchi wakati barua ikiandikwa. Ikiwa tayari unaye mwanafunzi anayekodolea macho ubao, msogeze mbele, na yasome kwa sauti yale unayoyaandika. Hayo hayahitaji idhini kutoka kokote.

Nanyi wanafunzi, msingoje muwe matajiri ndipo muanze kuwafaa wenzenu. Watoto waliouokoa mfumo wa Braille walikuwa na umri kama wenu, na walichokuwa nacho ni ujuzi wa nukta sita na dakika chache za kumfunza aliyelala kitanda cha pili. Msomee mwenzako ukurasa asioweza kuuona. Mwazime daftari lako aliyekosa masomo kwa ugonjwa. Mweleze hesabu aliyeachwa nyuma, bila kumcheka na bila kumtangaza. Hamtajua matendo hayo yatafika wapi. Mzee Simon-René naye alikufa mnamo 1831 bila kujua kwamba watu wa mataifa mengi wangekuja kusoma kwa vidole kama alivyosoma mwanawe, akizipapasa herufi za misumari katika karakana ile ya Coupvray.